Wifi asifu miwani yake, mimi nashona kofia

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 51, mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi yangu ni kushona kofia. Nilianza nikiwa msichana, nikifundishwa na marehemu nyanya yangu, na mpaka leo mkono huu haujui kazi nyingine ya kuleta shilingi. Kofia moja ya viua hunichukua miezi miwili, na mwenye kuagiza akitaka maua ya kujaa, hufika mitatu. Uzi mweupe juu ya bafta nyeupe, Bi Mshauri. Fikiri mwenyewe macho yanavyotumika.

Yalianza kunichezea nilipokuwa na miaka 44 hivi. Kwanza ilikuwa tundu la sindano tu, nikawa namwita mtoto wa jirani anitungie uzi. Kisha nikanunua miwani ya kusomea ya dukani, ile ya shilingi mia tatu, plasi 1.50. Baada ya miaka miwili mitatu nikapanda kwenye plasi 2.00. Sasa hiyo nayo imenishinda. Kofia naishika mbali, mbali, mpaka mkono umeisha na bado viua vinanichanganyikia. Na huko mbali nako kumeingia ukungu. Juzi kichochoroni nilimsalimia mtu kwa jina la kaka yake aliyekufa miaka minne iliyopita. Yeye alicheka, lakini mimi nilifika nyumbani nikalia.

Mwanangu wa kike anafanya kazi Mombasa, na wiki tatu zilizopita alinichukua nikapimwa macho huko. Wakasema mbali nahitaji plasi 1.00 macho yote mawili, na kwa karibu niongezewe 2.00 juu ya hiyo. Wakanipa njia mbili. Ya kwanza ni miwani moja ya progresivu, inayoonyesha mbali kwa juu, kati katikati na karibu kwa chini, bila mstari wowote, shilingi 32,000 pamoja na fremu. Ya pili ni miwani mbili tofauti, moja ya kutembelea na moja ya kazi, 6,500 kila moja.

Mwanangu ameshikilia ile ya kwanza. Wifi yangu wa Mombasa anayo na anaisifu usiku na mchana: hupika nayo, hutazama televisheni nayo, hufanyia kazi ya ofisi, nadhani hata kulala hulala nayo. Nilijaribu kuivaa ile ya kwake pale sebuleni, sakafu ikanipandia kama niko mashuani kipindi cha kusi. Nikaivua mbio. Wifi akasema ni mazoea tu. Duka linasubiri nusu ya malipo kabla ya mwisho wa mwezi, na mwanangu ameshatenga pesa.

Maisha yangu ni haya. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, na ngazi zake kila daraja lina kimo chake. Asubuhi nashona kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, penye mwanga, alasiri nasomesha watoto wachache chuo cha Kurani hapo hapo nyumbani, jioni nakwea juu kuanua nguo na kupunga upepo. Nikitoka huvaa buibui na ninja ya kufunika uso. Mara moja au mbili kwa mwezi napanda mashua kwenda Mokowe kupeleka mzigo wa kofia. Afya sijambo, ila sukari tu, nayo daktari alinibadilishia dawa mwezi uliopita kwa vile ilikuwa ikipanda na kushuka.

Nichukue ipi? Na nikiikataa ile ya ghali, nitamwambiaje mwanangu asione nimemtupia wema wake? Tena shoga yangu ananiambia nisivae yoyote, kwamba miwani hulegeza macho, ukishaanza huachi. Kuna ukweli?

Mshona kofia,
Langoni, Lamu

*

Waalaykum salaam dada yangu,

Naanza na sentensi uliyoipitisha mbio kama mtu apitishaye bidhaa ya magendo: sukari.

Sukari ikipanda katika damu hufika pia kwenye lenzi ya jicho, ile iliyo nyuma ya mboni. Lenzi huvuta maji, hubadilika umbo, na namba ya miwani hubadilika pamoja nayo. Dawa mpya ikiishusha sukari, lenzi huanza kurudi ilikokuwa na namba husogea tena. Kutulia kwake kwaweza kuchukua wiki kadhaa. Wako watu wa sukari wanaoamka siku moja wakasoma bila miwani, wakashukuru kuwa macho yamepona, kumbe ni sukari iliyopanda.

Wewe ulibadilishiwa dawa mwezi uliopita na macho ukapimwa wiki tatu zilizopita. Yaani walikupima jicho likiwa safarini. Hizo plasi 1.00 na 2.00 huenda ni sahihi, huenda wiki sita zijazo zikawa nyingine. Kukatia lenzi za shilingi 32,000 kwa namba kama hiyo ni kushona kofia kwa kichwa cha mtu ambaye hujampima.

Kwa hiyo suala la mwisho wa mwezi limekwisha: duka lisubiri. Mpaka daktari wako wa sukari akwambie vipimo vimetulia kwa wiki kadhaa mfululizo, usitoe malipo ya nusu wala ya robo. Hapo ukapimwe macho upya, na namba ikikubaliana na ile ya kwanza, vyema. Na ukiwa huko waombe wakutie yale matone yanayofungua mboni, daktari atazame nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina. Mwenye sukari huangaliwa hivyo kila mwaka hata kama anaona vizuri, kwa sababu sukari huharibu mishipa midogo ya kule nyuma bila maumivu, na mtu akianza kuona kasoro huwa mambo yamekwenda mbali. Wakupime na presha ya jicho pia. Siku hiyo nenda na mtu wa kukushika mkono, maana mboni hubaki wazi kwa saa kadhaa na jua la Lamu likipiga ukuta mweupe utaliona kama sindano.

Sasa shoga yako. Mpe salamu zangu, kisha mwambie hapana. Lenzi ya jicho inapokuwa changa ni laini, hujinyonga yenyewe kutazama karibu. Miaka inavyokwenda inakuwa ngumu, na kuanzia miaka 40 na kitu mtu anaanza kuyahisi hayo. Ugumu huo huendelea mpaka miaka ya 60 hivi, uwe unavaa miwani au huvai. Shoga anaona watu wanaovaa miwani namba zao zinapanda, akadhani miwani ndiyo inayozipandisha. Ni kama kusema bakora humzeesha mzee.

Tena kuna hesabu ndogo hapa itakayokueleza kwa nini miwani ya dukani imekushinda. Gawa 100 kwa namba ya nyongeza ya kusomea, utapata kwa sentimita umbali ambao jicho linaona safi bila kujikaza. Nyongeza ya 2.00 ni sentimita 50. Lakini wewe mbali kwenyewe unahitaji plasi 1.00. Ulipovaa ile plasi 2.00 ya dukani, nusu ya nguvu yake ilimezwa na deni la mbali, ikabaki 1.00 ya kusomea, yaani mita nzima. Yaliyosalia jicho lako lilikuwa likijikaza lenyewe, na sasa limechoka. Ndiyo maana mkono unaisha kabla kofia haijaonekana. Na deni hilo la mbali, kama si la sukari, si geni, ulikuwa nalo siku zote. Ulipokuwa msichana lenzi laini ilililipa kimya kimya, usijue.

Tumfikie wifi. Sina ugomvi naye, anasema kweli, ila anasema kweli ya Mombasa. Mtu wa ofisi hutazama mezani, kisha kompyuta, kisha mwenzake aliyesimama mlangoni, mara mia kwa siku, juu ya sakafu iliyo sawa. Kwa mtu kama huyo progresivu ni neema. Na ile ya kwake kukupandishia sakafu si hoja, maana ilipimwa kwa macho yake, kwa umbali kati ya mboni zake na kwa pua yake. Usiihukumu progresivu kwa hilo.

Ihukumu kwa jinsi inavyofanya kazi. Fikiri lenzi moja ambayo juu ina namba ya mbali, na ukishuka nguvu inaongezeka kidogo kidogo mpaka chini ipate namba ya kusomea. Njia hiyo ya kushukia ni ukanda mwembamba wa katikati. Kulia na kushoto kwa ukanda, sehemu ya chini, picha hupinda na kuyeyuka. Hilo si kosa la fundi. Huwezi kulainisha mpito kutoka namba moja hadi nyingine bila kusukumia kasoro pembeni. Lenzi za ghali huisukuma mbali zaidi na kuutanua ukanda, lakini haiondoki. Mvaaji hujifunza kugeuza kichwa kule kote anakotazama, badala ya kuzungusha macho, na wengi huzoea ndani ya siku chache hadi wiki mbili tatu. Wachache hawazoei. Mimi nilikuwa karibu niwe miongoni mwa hao wachache. Yangu ya kwanza ilikaa sandukuni mwaka mzima, na kila nilipolifungua lile sanduku nilihesabu pesa zangu.

Sasa jitazame ukishona. Mshona kofia hainamishi macho, huinamisha kichwa. Nimewaona wanawake wa Lamu wakishona barazani, kidevu kimekaribia kifua, na macho yanatazama kofia moja kwa moja mbele yake. Kwa progresivu, hapo utakuwa unapita katikati ya lenzi, mahali ambapo nguvu ya kusomea haijajaa. Ili uipate itabidi uinue kidevu na kuteremsha macho, saa nne mfululizo, kwa miezi miwili ya kofia moja. Shingo yako itanilaani. Na kiua kimoja kikitoka upande, unavyojua mwenyewe, mnunuzi wa kofia anakiona kabla hajaona kofia yenyewe.

Kuna na ninja. Hili wauza miwani wengi hawaulizi na sijui kwa nini, pwani hii yote. Progresivu inataka ikae mahali pamoja juu ya pua, kwa sababu kila sehemu ya lenzi imepimiwa urefu wake. Kitambaa kikiisukuma juu milimita tatu, ile sehemu ya kati inapanda mbele ya mboni na barabara inaingia ukungu. Ikiteleza chini kwa jasho, kusoma kunahamia mahali pengine. Miwani ya namba moja haina mashaka hayo, isogee itakavyo, namba ni ile ile. (Mvuke wa pumzi hauchagui, utazitia ukungu zote mbili.)

Na ngazi. Hapa ndipo ninaposimama kabisa. Ukiteremka ngazi macho huelekea chini, na chini ya progresivu kuna namba ya kusomea, iliyopangwa kwa kitu kilicho nusu mita kutoka usoni. Mguu wako uko mbali mara tatu ya hapo. Daraja linaonekana la ukungu, tena kama limesogea. Kwenye nyumba mpya madaraja yote ni sawa, mguu unakumbuka kile ambacho jicho halioni. Katika nyumba ya mawe ambayo daraja moja ni shubiri na la pili ni shubiri na nusu, mguu hauna cha kukumbuka. Ongeza nguo ulizozikumbatia kutoka juu. Kisha fikiri gatini maji yakiwa yametoka siku za bamvua, ngazi za chini zimeota utelezi, mashua inapanda na kushuka, na nahodha anakuhimiza ukanyage.

Watafiti wa Australia waliwafuatilia wazee zaidi ya 600 waliokuwa wakivaa miwani ya namba zaidi ya moja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Baadhi yao walipewa pia miwani ya mbali peke yake ya kuvaa wakitoka. Waliokuwa watu wa kutembea sana nje walipunguza kuanguka. Waliokuwa wa kukaa ndani zaidi haikuwasaidia, na wao walipotoka walianguka zaidi. Wale walikuwa wakubwa kukuzidi, na sidhani kama kuna aliyekuwa akipishana na punda wa mawe kichochoroni. Lakini utaona mwenyewe ni kundi gani linakufanana.

Baifoko nimeiacha kusudi, ile yenye kidirisha cha kusomea chini na mstari unaoonekana. Ni ya zamani sana. Mmarekani Benjamin Franklin aliisifu katika barua yake ya mwaka 1784, wakati progresivu ya kwanza kufanikiwa sokoni, ya Mfaransa Bernard Maitenaz, ilitoka mwaka 1959. Ni rahisi kuliko progresivu na kidirisha chake ni kipana, lakini tatizo la ngazi ni lile lile na umbali wa kati haina.

Basi ushauri wangu ni miwani mbili, na ya kazi ndiyo ya kwanza. Sukari ikitulia na namba ikithibitika, utengeneze ya kushonea. Kwa namba ulizopewa, yaani 1.00 na 2.00, lenzi nzima itakuwa plasi 3.00, kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna ukanda wa kuutafuta. Utaona safi kuanzia kama nusu mita kuja karibu, kwa sababu jicho la miaka 51 bado lina nguvu yake kidogo ya kuongezea. Kofia imo humo, na msahafu juu ya marufaa umo. Watoto wa chuo waliokaa mbali hawamo. Hao utawachungulia juu ya fremu, kama walivyotuchungulia walimu wetu sote, na adabu ikashika.

Ya pili ni ya mbali, plasi 1.00 tupu. Hiyo ndiyo ya ngazi, ya kichochoroni, ya mashua, ya harusini, na ya kumjua nani ni nani na nani ni marehemu kaka yake. Simu ikilia ukiwa nayo usoni, nyoosha mkono utalisoma jina. Ujumbe mrefu usubiri ufike nyumbani.

Kabla ya kurudi kwa mpimaji chukua futi ya cherehani. Keti unavyoketi siku zote kiwandani, shona kidogo, kisha mtoto akupimie kutoka jichoni hadi kwenye kofia. Akupimie na hadi kwenye marufaa. Andika sentimita zako umpelekee. Wapimaji wengi hukukabidhi kikaratasi cha maandishi usome, wewe unakishika kwa adabu mahali wanapokuelekeza, na miwani inatengenezwa kwa umbali wa kikaratasi. Ukiwa na kofia yenyewe mkobani, itoe na sindano yake, ushone pale pale na zile lenzi za majaribio. Wakishangaa waache washangae.

Kero ya miwani mbili ipo, sikufichi. Utakuwa na ile ya mbali usoni na ile ya kushonea imebaki juu, au utaondoka Mokowe ukakumbuka kuwa risiti huwezi kuisoma. Dawa yangu ni kwamba kila miwani ina kidaka chake cha ukutani na hailali pengine. Nyumba yenu ina vidaka vya kutosha tangu enzi za mababu, ipe kimoja ile ya kiwandani na ya kutokea ipe kingine karibu na mlango. Fremu ziwe za rangi mbili tofauti ili mkono usikosee. Ya mbali itie kamba ya shingoni, kwa ajili ya bahari. Moja ikizama, ya pili inabaki, na hii nayo ni sababu. Mwenye progresivu moja ikamponyoka gatini hurudi nyumbani akiwa hana ya karibu wala ya mbali.

Na usifute lenzi kwa ncha ya buibui ikiwa kavu. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya lenzi na vumbi hushikamana nayo, ukisugua ni kama msasa. Mwagia maji baridi kwanza, ndipo ufute.

Kwa miezi hii ya kungoja, usikae bila kitu. Ile miwani ya mia tatu ipo ya namba ya juu zaidi. Jaribu plasi 2.50 au 3.00 pale dukani ukiwa na kofia mkononi, uchukue inayokuweka sawa. Haitaharibu macho. Ubaya wake ni kuwa lenzi zote mbili zina namba moja na umbali kati ya mboni ni wa mtu wa kukisia, kwa hivyo kichwa kikikugonga, ivue upumzike. Namba ikisogea umepoteza shilingi mia tatu tu. Na uketi ambapo mwanga unatoka ubavuni, upande usio wa mkono wa sindano, ili kivuli cha vidole kisiangukie kazi. Uzi mweupe juu ya nguo nyeupe hauna tofauti ya rangi ya kulisaidia jicho, kinachokuonyesha tundu ni kivuli chake tu, na kivuli kinataka mwanga wa pembeni.

Huenda baada ya mwaka, sukari imetulia na umezoea kuvaa, ukaitamani progresivu kwa ajili ya chuo tu, pale unapotazama msahafu, mtoto, msahafu, mtoto. Sitakukataza. Uivae umeketi. Na siku hiyo mambo mawili uyahakikishe: fremu isiwe nyembamba, maana itakata chini na sehemu ya kusomea itaangukia dukani kwao, na muuzaji aweke alama ya kalamu mbele ya kila mboni ukiwa umeivaa fremu yenyewe, umesimama kama kawaida yako. Asiyeweka alama anakisia. Uliza pia, kwa maandishi, kama usipozoea watakubadilishia lenzi na kwa muda gani. Maduka mengi hukubali, lakini hukubali vizuri zaidi kabla hujalipa.

Limebaki la mwanao. Nadhani unalipa uzito kuliko lilivyo. Yeye alikuona unalia, au alisikia, akataka kukununulia kitu kikubwa kuliko machozi yale. Usimwambie ni ghali, watoto wetu wakisikia "ni ghali" huongeza pesa. Usimwambie wifi kasema hivi mimi nasema vile, utaanzisha baraza. Mpigie, umwambie: "Mwanangu, daktari wa sukari anataka namba itulie kwanza, na pesa yako niwekee. Nikipimwa tena nataka uninunulie miwani mbili, ya kofia na ya njia." Si uongo, ila kabla ya kumpigia mwendee huyo daktari umuulize, ili awe amekwambia kweli. Mbili kwa 6,500 ni 13,000. Akitaka kumaliza zile 32,000, na wa aina yake hutaka, mwambie akupe nauli ya kuja kupimwa mara ya pili, na akuandamane siku ya matone. Kisha kofia ya kwanza utakayoishona na miwani hiyo umpe ampelekee mumewe, au kama hajaolewa, aiweke.

Sindano mwachie mtoto wa jirani aendelee kukutungia. Ana macho ya bure, na wewe una mahamri.